Mwalimu wa Kiingereza na Mtani Wake

Wiki iliyopita nilikomea pale Mwalimu Godwin aliponyakua kipande cha samaki kwenye sahani ya Bibiana, akakitia mdomoni, akamwita Bibiana mke wake, na sisi sote tukacheka.

Kama hukuwa nami, nitakueleza upesi. Mimi ni mjane, nakaa Mkomaindo hapa Masasi. Elimu yangu ni ya la saba. Paroko alituomba waumini wenye nafasi tuwapokee wanafunzi wanaotoka Msumbiji kuja kusoma kwenye chuo kikuu kipya cha huku kwetu. Mimi nikampokea Bibiana, binti wa Kimakonde kutoka Mueda, nikamlaza chumba kimoja na mwanangu Salome.

Hao wanafunzi wa nje wamesomeshwa kwa Kireno. Chuo hakiwaruhusu kuanza masomo yenyewe mpaka wapite darasa la msaada wa Kiingereza. Anayeshindwa anarudishwa kwao. Na kwao Bibiana ni kijiji kilichochomwa moto. Mama yake analala kwenye hema la waliokimbia vita. Mtoto amekuja kusomea uuguzi. Akirudishwa, hana mahali pa kurudi.

Mwalimu wa darasa hilo ndiye Godwin, mpwa wa marehemu mume wangu. Mmakua wa Lupaso kama sisi.

Sasa Mmakua na Mmakonde ni watani. Mtani atakuita mwizi, atakuita mkewe, atakunyang'anya tonge mkononi, nawe huna ruhusa ya kununa. Kwa hiyo Godwin alipokuwa akija kwangu na kumwita Bibiana "mke wangu niliyemvusha Ruvuma", tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Leo sicheki. Leo nikikumbuka kile kicheko changu nataka kukitema.

Sikiliza kilichofuata.

Bibiana alikuwa uani, amekaa mkekani na simu mkononi, anafanya zoezi. Mwalimu aliwapa kazi ya kuzungumza: kila mwanafunzi anakariri sentensi zake, anajirekodi, anamtumia mwalimu sauti kwenye simu. Mimi nilikuwa naosha ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo bila hivyo hapa kwetu mgeni hajakaribishwa.

Alikuwa anasema polepole, kwa sauti nzuri, kama mtoto anayejifunza Salamu Maria. Sikuelewa hata neno. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu atapita.

Akaingia Danieli. Naye ni wa Msumbiji, wa Nampula. Amepanga kwa jirani lakini chakula anakula kwangu. Kwao alikuwa akitembeza watalii, kwa hiyo Kiingereza kimemkaa kuliko wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, ming'oko ndiyo kwanza inakwenda motoni."

Hakunisikia. Alikuwa amesimama anamsikiliza Bibiana, na uso wake ukawa unabadilika.

"Hizo sentensi umezitoa wapi?"

"Kwa mwalimu. Zoezi."

"Mimi sikupewa hizo. Sisi wote tumepewa za kukata tiketi ya basi."

"Mimi amenipa za peke yangu. Anasema niko nyuma, nahitaji msaada zaidi."

"Unajua maana yake?"

"Anasema maana itakuja. Kwanza matamshi."

Danieli akanitazama, kisha akatazama miguu yake. "Mama, hayo si maneno ya kutamka mbele yako."

"Nimezaa na nimezika mume. Tamka."

Akatamka. Alitamka kama mtu anayetoa uchafu jichoni.

"Ya kwanza inasema, 'Mimi ni wako, mwalimu.' Ya pili, 'Nyumbani kwa mama hawajui.' Ya tatu, 'Nitakuja peke yangu.'"

Bibiana aliiachia simu ikaanguka. Alijifuta midomo kwa kiganja, akajifuta tena, akajifuta tena.

"Nimeshamtumia," akasema. "Zote. Anazo."

Msomaji wangu, mimi ni mmoja wa wanawake wanaoitwa kuosha maiti parokiani kwetu. Nimeosha aliyeokotwa mtoni baada ya kuvimba, sikugeuza hata pua. Siku ile nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Kwamba mwanamume ana tamaa, hilo si jipya, nisingelitapikia. Kilichonitapisha ni ile sauti nzuri. Ameuchukua mdomo wa mtoto wa watu, ameujaza taka, kisha akamwambia hili ni somo, na mtoto kwa heshima yake akajitahidi kuzitamka taka vizuri ili mwalimu afurahi.

Jumapili nilimngoja nje ya kanisa. Godwin anaimba kwaya. Alitoka na shati jeupe, anatafuna pipi ya mnanaa, pipi ambayo haimtoki mdomoni.

"Shikamoo, mkazamjomba! Mke wangu mzima huko?"

"Godwin, zile sentensi ulizompa Bibiana ni za nini?"

Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Aliihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Aa, zile! Utani tu, mama. Mmakonde yule! Nisimtanie?"

"Mtani unamtania kwa lugha anayoielewa, ili naye akujibu. Yule ulimtania akiwa hasikii."

Akasogea karibu. Ile harufu ya mnanaa mpaka leo ikipita nageuza uso.

"Basi tuongee kama ndugu," akasema kwa sauti ya chini. "Mtihani wa kuzungumza nautoa mimi, ofisini kwangu, mmoja mmoja. Mkienda chuoni na maneno hayo, na mimi nitakwenda na sauti. Sauti ni ya nani? Ni yangu? Atakayesikia atasikia mwanafunzi anamtaka mwalimu wake ili apite. Na mwanafunzi wa namna hiyo chuo kinamrudisha kwao bila kungoja mtihani."

Kisha akanyoosha mgongo, akapaza sauti ili wanaotoka misani wasikie. "Msalimie mke wangu! Mwambie alale mapema!"

Watu wakacheka. Katekista naye akacheka.

Nilikwenda kwa Mzee Erasto. Huyo ni kaka wa marehemu mume wangu, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimkuta kivulini anabangua korosho. Nikamweleza neno kwa neno, huku nimetazama pembeni kwa aibu.

Akapuliza majivu mikononi. "Shemeji, utani hauna kesi."

"Huu si utani."

"Amemwita mke. Amemwita mke mbele ya watu. Huo ni nini kama si utani? Ukiupeleka barazani utachekwa wewe."

"Na mtoto wa watu je?"

"Si Mmakonde? Na yeye amtanie. Nani kamzuia?"

Akarudi kwenye korosho zake. Nilirudi nyumbani, nikamwambia Bibiana maneno yale yale, bila kuficha. Hakulia. Ningependa angelia.

Haikupita wiki, wifi yangu akafariki. Mama yake Godwin. Mwanamke mwema, mchamungu, aliyeugua miguu miaka mingi, na nashukuru Mungu alimchukua kabla ya kusikia niliyoyasikia mimi.

Tulikwenda Lupaso kumzika: mimi, Salome, Bibiana na Danieli. Mgeni anayelala kwako hawezi kubaki nyumbani wakati wewe umefiwa.

Siku ya kuanua matanga watani walikuja kwa wingi. Wengine ni Wamakonde waliooa na kuolewa hapo hapo, wengine wameshuka na gari kutoka Newala, ndugu zake Happiness. Happiness ndiye mke wa Godwin.

Walifanya kazi yao. Mzee mmoja alivaa gauni la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akaomba ugoro kwa sauti yake hasa, mpaka waliokuwa wakilia wakashika mbavu. Mama mwingine alikaa juu ya mfuniko wa sufuria la wali, akaapa hainuki mpaka Wamakua wakiri kwamba wanakula panya. Tukakiri. Akainuka.

Chuo nacho kilimtuma Dokta Esther, mkuu wa kile kitengo cha Kiingereza. Ndiye bosi wa Godwin. Mama mtu mzima, mkimya, wa nywele fupi. Walimpa kiti cha plastiki na soda, pembeni ya Godwin.

Mimi nilikuwa na Salome jikoni. Bibiana akaja, akachuchumaa karibu yangu.

"Mama, hapa na mimi ni mtani?"

"Ni mtani kamili."

"Naweza kusema lolote?"

"Lolote. Hakuna wa kukupiga wala kukufukuza."

"Na ninayemtania hanuni?"

"Hanuni. Akinuna ameshindwa."

Akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye mkorosho ambako Godwin alikuwa ametundika koti lake. Akalichukua. Watu walipoona hivyo wakaanza kucheka na kusogea, maana mtani akishika nguo yako kuna jambo.

Nilimfuata. "Bibiana, unataka kufanya nini?"

"Nataka kufundisha."

Nilikuwa na rozari yangu mkononi. Niliishika kwa nguvu hadi msalaba ukanichoma. Hapo palikuwa nyumbani kwa wifi yangu, udongo wa kaburi bado mbichi. Sikumzuia.

Akavaa koti. Akatoa tumbo mbele. Akatembea kama Godwin anavyotembea, visigino vikitangulia, akihamisha pipi isiyokuwepo kutoka shavu hadi shavu. Kicheko kilipasuka uwanja mzima. Godwin mwenyewe alipiga paja.

"Huyo ni mimi! Jamani, huyo ni mimi mtupu!"

"Darasa!" Bibiana akaita kwa sauti nzito.

"Naaam!" kina mama wakaitika.

"Nyinyi mko nyuma sana. Nyinyi mnahitaji msaada zaidi. Leo nawapa Kiingereza cha peke yenu. Semeni baada yangu!"

Akatamka ya kwanza.

Kina mama wakaitamka. Wajane wenzangu, bibi wasio na meno, wanawake wa jumuiya na vitambaa vyao vya bluu kichwani, wote kwa pamoja, kwa raha kabisa.

"Matamshi!" Bibiana akafoka. "Maana itakuja. Kwanza matamshi!"

Wakarudia, safari hii vizuri zaidi. Bibi mmoja aliitamka kwa kuinama kidogo na mkono kifuani, kama anamwamkia padri.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa namtazama Dokta Esther.

Sentensi ya kwanza, tabasamu lake lilibaki usoni lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Ya pili, akaweka soda chini, kwenye mchanga. Ya tatu, akageuka kumtazama Godwin, na Godwin alikuwa ameacha kupiga paja.

Bibiana akanyoosha kidole. "Danieli! Waambie mama zetu wamesema nini."

Danieli akasimama.

"Mama zangu mnisamehe. Mmesema, 'Mimi ni wako, mwalimu.' Mmesema, 'Nyumbani kwa mama hawajui.' Mmesema, 'Nitakuja peke yangu.'"

Uwanja ukafa.

Yule bibi aliyeinama alichukua ncha ya kanga yake, akaingiza mdomoni, akasugua ulimi. Kisha akatema mate chini.

"Mimi nimesema hivyo? Mbele ya kaburi la mama wa watu?"

"Umesema, bibi," Bibiana akamjibu, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Na umesema vizuri. Hata mimi nilisema vizuri."

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani Mungu amejibu.

Godwin akainuka. Akapiga makofi. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu.

"Mtani kanipata! Jamani, Mmakonde kanipata leo! Mleteeni kuku! Mleteeni jogoo, huyu si wa tetea!"

Na watu, Mungu awasamehe, wakacheka. Walikuwa wanatafuta sababu ya kucheka, akawapa. Mtu akakimbilia bandani, jogoo akaletwa, akasukumizwa mikononi mwa Bibiana. Mzee Erasto akainua fimbo yake.

"Mtani amelipwa! Utani umefungwa! Maneno ya matangani yanabaki matangani!"

"Yanabaki!" wakaitikia.

Wale wale waliokuwa wanatema mate. Wale wale! Ladha bado iko mdomoni, na tayari wameshaimeza. Nilitazama nyuso zao, ndugu wa mume wangu, watu ninaopeana nao amani kila Jumapili, nikaona kinyaa kama cha mtu aliyekula chakula kizuri kisha akaonyeshwa chungu kilimopikwa.

Dokta Esther hakucheka. Alisimama.

"Bibiana, nijibu mimi. Umetania, au ni kweli?"

"Ni kweli, Dokta."

Kicheko kikakatika tena.

Godwin akapumua kwa huzuni, kama baba aliyechoshwa na mtoto mkaidi. "Dokta, sikutaka kumwaibisha mgeni wa watu kwenye msiba wa mama yangu. Lakini naona nalazimishwa."

Akatoa simu. Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Bibiana. Ile ile ya pale uani kwangu, laini, ya polepole, ya mtoto anayesali. Sentensi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Hii ni sauti yako?" Dokta Esther akauliza.

"Yangu."

"Ulimtumia wewe mwenyewe?"

"Nilimtumia mimi. Lilikuwa zoezi."

"Zoezi!" Godwin akatikisa kichwa. "Waulize wenzake kama wana zoezi kama hilo."

"Hatuna!" Danieli akaropoka. "Ndiyo maana! Alimpa peke yake!"

"Ulikuwepo nikimpa?"

Danieli akatikisa kichwa.

"Dokta," Godwin akasema, "nilipomwambia kwamba hatapita, ndipo alipoanza kunitumia hayo. Nikanyamaza kwa kumwonea huruma. Leo ameona ageuze kibao mbele yako."

Nilimtazama yule mama wa chuo. Niliona anapima. Niliona pia kwamba mizani inaelemea upande wa Godwin, kwa sababu sauti alikuwa ameisikia kwa masikio yake, na huku upande mwingine kulikuwa na koti na mchezo wa matangani.

"Kesho ofisini kwangu, nyote wawili," akasema mwishoni. "Bibiana, nitakuwa mkweli kwako. Mwanafunzi akithibitika kumshawishi mwalimu, chuo kinamwondoa. Hiyo sheria siwezi kuipinda."

Bibiana alisimama pale katikati ya uwanja na koti la mtu mwilini na jogoo kwapani. Hakumtazama Godwin. Alinitazama mimi. Ningesema nini? Kwamba nilisikia sauti nikaifurahia?

Ndipo kanga ya mlangoni ikafunuliwa, na Happiness akatoka ndani.

Alikuwa amejitanda kama anavyotakiwa mkamwana kwenye msiba wa mkwewe, na tangu mazishi hakuna aliyemsikia sauti. Watu walimpisha kwa sababu hawakujua anakwenda wapi.

"Dokta, usiondoke. Mimi sijatania."

Mzee Erasto akagonga fimbo. "Wewe ni mfiwa! Mkamwana hatanii msiba wa mkwewe! Rudi ndani!"

"Baba, mimi nilizaliwa Newala, Mmakonde, kabla sijawa mkamwana wa mtu. Mtani anafungiwa mlango?"

Ndugu zake waliotoka Newala wakainuka mkekani wote.

Happiness akamvua Bibiana koti, akalivaa juu ya kanga zake za msiba. Hakutoa tumbo. Hakutembea kwa visigino. Alikwenda kusimama mbele ya mumewe, karibu kabisa, akazisema. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwa Kiingereza, polepole, akikata pumzi pale pale Bibiana alipokata.

Halafu akasema nyingine.

Danieli alibaki mdomo wazi. Aliyetufasiria alikuwa Dokta Esther.

"Amesema, 'Ni mimi niliyetaka.'"

"Hiyo ya nne mwenzangu hajafikishwa," Happiness akasema. "Mimi nilifikishwa. Nilikuwa mwanafunzi wake wa twisheni kule Newala. Nilikariri, nikajirekodi, nikasifiwa matamshi. Kisha baba yangu akasikilizishwa simu. Akaona heri aniozeshe kuliko watu wasikie. Huyo kaka yangu pale alibeba begi langu siku hiyo. Muulizeni kama nilikuwa nacheka."

Yule kaka akainamisha kichwa.

Nikadhani, sasa. Sasa hana pa kutokea.

Godwin alikuwa na jasho, lakini pipi bado inazunguka mdomoni. "Dokta, unasikiliza nini? Huyu ni mke wangu! Maneno ya mtu na mkewe chumbani, mke atashindwa kuyajua? Ana wivu, amesikia ile sauti ikapigwa hapa, ameidaka. Wamakonde wawili wamepanga. Mmoja mtani, mwingine mke mwenye hasira. Kuna mtu mwingine? Mtu asiye mtani wangu wala mke wangu? Aje aseme!"

Baadhi ya wanaume wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Dokta Esther akasita. Nilimwona kabisa anasita, mkono umeshika mgongo wa kile kiti.

"Ni kweli," akasema taratibu, "mke wa mtu..."

"Na mimi, Dokta? Mimi ni mke wa nani?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa jikoni. Sikuhitaji kugeuka ili niijue. Niligeuka hata hivyo.

Mwanangu Salome alikuwa amesimama mbele ya mafiga, mikono imejaa unga.

Salome wangu, ambaye alipomaliza kidato cha nne nilimpeleka mwenyewe kwa Godwin akafundishwe Kiingereza cha kuingilia chuo. Ambaye siku moja alirudi akasema kichwa chake ni kizito, Kiingereza kimemshinda, harudi tena. Nikamgombeza. Nikamwita mvivu. Nikamwambia binamu yake amejitolea, yeye hana shukrani. Na Godwin kila akija alikuwa anamwita "mke wangu wa kwanza", kwa sababu ni mtoto wa mjomba wake, na huo nao ni utani, na mimi nilikuwa nawakaribisha chai.

Godwin aliacha kutafuna.

Mzee Erasto hakugonga fimbo safari hii. Alinijia, akainama sikioni mwangu.

"Mama Salome, mwite mwanao. Mwite sasa hivi. Hili ni la ukoo, hili halisemwi mbele ya wageni."

Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa kina mama. Nilishika bega la yule bibi, nikajivuta, nikasimama. Likatoka jina lake tu.

"Salome..."

Alikuwa anapita katikati ya watu, akijifutia unga kwenye kanga, macho kwa Dokta Esther.

"Kaa, mama," aliniambia bila kunitazama. "Ya nne siyo ya mwisho."